Ukuta wa Dari

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8

 

Somo letu la leo ni mstari mmoja tu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, Mungu anawaagiza Waisraeli kwamba mtu ajengapo nyumba mpya, auzungushie ukuta mdogo ukingo wa dari yake, ili mtu asije akaanguka kutoka juu na damu yake ikahesabiwa juu ya nyumba hiyo.

Huenda wengine watauliza, agizo hili latuhusu nini? Nyumba zetu nyingi zina paa la mabati, wala hakuna mtu akaaye juu yake. Lakini wale waliofika Mji wa Kale wa Mombasa, au Lamu, wameziona zile nyumba za mawe zenye dari bapa. Jioni watu hupanda juu kupunga upepo, nguo huanikwa huko, na watoto hucheza. Nyumba za Waisraeli zilikuwa za namna hiyo.

Tazameni sasa ni nani anayepewa amri. Mungu hakusema watoto wafundishwe kutembea kwa uangalifu juu ya dari, ingawa ni vema wafundishwe. Wala hakusema mama asimame juu mchana kutwa akiwashika mikono. Amri alipewa mwenye nyumba, tena alipewa kabla mtu hajaanguka. Neno hili tuliweke moyoni, kwa maana tutalirudia.

Muda si mrefu uliopita, mama mmoja wa ushirika wetu alitujia baada ya ibada ya Jumapili. Mkononi alikuwa na kitu kidogo alichokifunga katika leso.

"Mchungaji," alisema, "nimekiona hiki katika mkoba wa shule wa mwanangu. Mimi nilidhani ni kalamu. Mdogo wake akasema ni flashi ya kompyuta. Lakini kinanukia embe."

Tulikinusa. Ni kweli, kilinukia embe lililoiva vizuri. Nasi twakiri mbele yenu kwamba hatukujua ni kitu gani. Ilibidi tumwulize binti yetu nyumbani, naye alicheka kwanza, kisha akatuambia kwa uso mzito: "Baba, hiyo ni vepu."

Baadaye tuliketi na kijana mwenyewe. Ana umri wa miaka 15, ni mwimbaji katika kwaya ya vijana, na alikuwa akihudhuria mafundisho ya kipaimara. Alituambia hajavuta sigara hata siku moja, wala hataki, kwa sababu alimwona babu yake akikohoa mpaka kufa. "Lakini hii si sigara, Mchungaji," alisema. "Ni embe tu."

Tukamwuliza, "Ikiwa ni embe tu, mbona huachi?"

Akainamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimejaribu mara tatu. Nikiiacha kichwa kinaniuma, na darasani siwezi kutulia. Nagombana na kila mtu."

Wapendwa, katika majibu hayo mawili ya mtoto mmoja jambo lote limekwisha kuelezwa. Kilichomwita ni embe. Kilichomshika si embe.

Hebu tukifungue kifaa hiki tuone kinavyofanya kazi, kwa kuwa hatuwezi kulinda watoto na kitu tusichokijua. Ndani yake mna betri ndogo, waya mwembamba unaopata moto, na maji mazito kidogo. Mtoto akivuta pumzi, waya hupata moto na maji yale hugeuka kuwa mvuke, nao mvuke huingia mapafuni. Hakuna moto wa kiberiti, hakuna jivu, na harufu yake hupotea upesi. Ndiyo maana mwalimu hawezi kuitambua kwa urahisi, na mzazi hulala chumba cha pili bila kujua.

Katika maji yale mna vitu viwili vya kuangaliwa. Cha kwanza ni nikotini, ile sumu ya tumbaku inayomfanya mtu awe mtumwa wa sigara. Cha pili ni ladha: embe, nanasi, stroberi, peremende, na mamia ya nyingine. Nikotini peke yake ni chungu, nayo hukwaruza koo. Mtu anayeivuta kwa mara ya kwanza hukohoa, na kukohoa huko ni mlinzi aliyewekwa na Muumba mlangoni pa mwili wetu. Ladha tamu humnyamazisha mlinzi huyo. Mentoli, yaani ile baridi tunayoisikia katika peremende za kifua, hulipoza koo lisisikie ukali. Tena watengenezaji wamegundua namna ya kuichanganya nikotini na asidi, ikawa chumvi ya nikotini, ambayo huingia kwa ulaini hata ikiwa ni nyingi.

Kwa nini tuwahofie vijana hasa? Kwa sababu ubongo wa mwanadamu huendelea kujengeka mpaka umri wa kama miaka 25. Sehemu zinazomalizika mwisho ni zile zinazotusaidia kujizuia na kufikiri kabla ya kutenda. Nikotini ikiingia wakati wa ujenzi huo, hudhuru uwezo wa kutulia na kujifunza, na utumwa wake hushika upesi kuliko kwa mtu mzima. Mwalimu huona mtoto mvivu au mkorofi, kumbe anamwona mtoto ambaye mwili wake unadai deni.

Mithali 20:17 yatuambia juu ya mkate uliopatikana kwa udanganyifu: mdomoni ni mtamu, lakini mwishowe kinywa hujaa changarawe. Mkate wa namna hiyo sasa unauzwa kwa ladha ya embe.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tusafiri kidogo mpaka Marekani. Twakwenda huko kwa sababu jambo hili liliwapata mapema, nao wamejaribu kuujenga ukuta wa dari kipande kwa kipande. Tunaweza kujifunza kwa ukuta wao, na zaidi kwa mapengo yake.

Kifaa chenyewe hakikubuniwa kwa ajili ya watoto. Mwaka 2003 mfamasia wa Kichina, Hon Lik, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mvutaji, na baba yake alikufa kwa kansa ya mapafu, alitafuta njia ya kupata nikotini bila moshi. Lakini kitu kikishatoka mikononi mwa mbuni huingia mikononi mwa wafanya biashara.

Mwaka 2009 Marekani ilitunga sheria iliyokataza sigara zenye ladha za matunda na vitu vitamu. Walijua tayari kwamba utamu ni mlango wa watoto. Lakini waliacha pengo: mentoli iliruhusiwa, na sigara za kielektroniki hazikuguswa na katazo lile. Mwaka 2015 kilianza kuuzwa JUUL, kifaa chembamba kinachofanana na flashi, chenye chumvi ya nikotini na ladha za matunda. Kufikia mwaka 2018 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, Jerome Adams, alitangaza kwamba uvutaji huu umekuwa tauni kati ya vijana. Mwaka 2019 uchunguzi wa serikali ulionyesha kuwa zaidi ya watoto wa shule milioni 5 walikuwa wakivuta. Katika sekondari za juu, walikuwa zaidi ya mmoja katika kila wanne.

Hapo serikali ikaamka. Mwanzoni mwa mwaka 2020 ilikataza ladha, isipokuwa za tumbaku na mentoli, katika vile vifaa vinavyotiwa vikopo vya kubadilisha. Lakini vifaa vya kutumia na kutupa havikuhesabiwa. Je, ilikuwaje? Watoto wakahama. Kati ya wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakivuta, waliotumia vya kutupa walikuwa kama 2 katika kila 100 mwaka 2019. Mwaka 2020 walikuwa zaidi ya 26 katika kila 100. Ukuta ulijengwa pande tatu za dari, na watoto wakacheza upande wa nne.

Wengine walijaribu kuzunguka dari yote. Mji wa San Francisco ulipitisha sheria ya kukataza tumbaku yote yenye ladha, mentoli ikiwamo. Kampuni za tumbaku zilitumia mamilioni ya dola kuipinga, lakini mwezi wa Juni 2018 wananchi wenyewe waliipigia kura na kuithibitisha. Mwezi wa Novemba 2019 Massachusetts ikawa jimbo la kwanza kuzikataza ladha zote, na mwaka 2022 wapiga kura wa California nao wakathibitisha sheria ya namna hiyo. Mwaka huo huo wa 2022 kampuni ya JUUL ilikubali kulipa karibu dola milioni 440 kumaliza uchunguzi wa majimbo zaidi ya 30 juu ya namna ilivyotangaza bidhaa zake kwa vijana. Na mwezi wa Aprili 2025 majaji wote wa Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile waliafikiana kwa sauti moja kwamba idara ya serikali haikukosea kisheria ilipozikatalia kampuni kadhaa kibali cha kuuza maji yenye ladha tamu.

Je, kumekuwa na faida? Kufikia mwaka 2024 idadi ya watoto wa shule wanaovuta ilikuwa imeshuka kutoka zaidi ya milioni 5 mpaka karibu milioni 1 na laki 6. Hatusemi ni sheria za ladha peke yake zilizofanya hivyo, maana umri wa kununua uliongezwa mpaka miaka 21 mwaka 2019, walimu walifundisha, na ugonjwa wa korona ulifunga shule. Lakini tuangalie jambo moja: kati ya watoto waliobaki wakivuta mwaka 2024, karibu 9 katika kila 10 walitumia zenye ladha. Embe bado ndilo mlango.

Sasa si haki kuhubiri upande mmoja tu. Wako watu wema, hata madaktari, wanaotuonya. Wanasema kwamba kinachoua zaidi katika sigara ni moshi wa majani yaliyoungua, na mtu mzima aliyevuta kwa miaka 30 akihamia mvuke amepunguza sumu nyingi. Ni kweli. Wanasema pia kwamba ladha huwasaidia wengine kuisahau sigara, na kwamba tukizikataza wataweza kurudi kwenye moshi, au watanunua kwa magendo. Jambo hilo nalo si la kudharauliwa. Watunga sheria wanapaswa kulipima, na mvutaji mzima anayetaka kuacha apewe msaada wa kweli hospitalini, si lawama.

Lakini kijana wetu wa kwaya hakuwa na sigara ya kuacha. Hakuwa mgonjwa aliyehitaji dawa. Mkongojo humfaa mwenye mguu uliovunjika; huwezi kumvunja mguu mtoto mzima ili upate wa kumwuzia mkongojo.

Turudi basi nyumbani. Kenya ilikubali mwaka 2004 ule Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, na mwaka 2007 tukatunga Sheria yetu ya Kudhibiti Tumbaku. Ilikuwa sheria njema, nayo yakataza kuwauzia sigara walio chini ya miaka 18. Mwishoni mwa mwaka 2017 serikali yetu ikaikataza shisha, ambayo nayo iliingia kwa watoto wetu ikinukia matunda. Lakini ile sheria ya 2007 iliandikwa wakati vepu hazijafika vijijini kwetu, wala vile vifuko vidogo vyeupe vya nikotini ambavyo vijana huvitia chini ya mdomo, navyo vina ladha ya mnanaa na matunda. Ndiyo maana mwaka 2024 ulipelekwa katika Seneti mswada wa kuirekebisha, ili bidhaa hizi mpya nazo zishikwe na sheria. Jirani zetu wa Uganda walikwisha kutunga sheria mwaka 2015, ikakataza sigara za kielektroniki na tumbaku yenye ladha pia. Kwa hiyo asije mtu akatuambia haya ni mambo ya Wazungu tu.

Labda mtu atasema, "Mchungaji, kazi ya kanisa ni kuhubiri, sheria waachieni wabunge." Tuliwahi kufikiri hivyo. Ngoja tuwaambie kilichotubadilisha.

Tulimwuliza yule kijana alikonunua. Lilikuwa duka la mmoja wetu, mtu aketiye viti vya mbele kanisani, mtoaji mwema wa harambee zetu. Tulikwenda kumwona jioni, tukapokewa kwa chai. Juu ya meza ya duka, kando kabisa ya mikebe ya peremende, lilikuwapo sanduku la rangi nzuri.

"Mzee," tulisema, "vitu hivi unamwuzia nani?"

"Anayekuja na pesa, Mchungaji wetu. Hii si sigara, kwa hiyo siulizi umri." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Nawe ujue, nikiacha kuuza mimi, jirani yangu atauza. Naye atapata faida, na mimi nitabaki na karo ya watoto."

Maneno hayo yalituuma, kwa sababu mna ukweli ndani yake. Duka moja likifunga mlango, mtoto huvuka barabara tu. Ukuta wa dari haujengwi na tofali moja. Hapo tuliielewa hekima ya Mungu katika somo letu. Hakuliacha jambo la ukuta kwa hiari ya kila mjenzi, mwenye huruma ajenge na mwenye haraka asijenge. Alilifanya kuwa sheria ya taifa zima, ili mjenzi mwaminifu asionekane mpumbavu mbele ya jirani yake. Sheria nzuri humwondolea mtu mwema hasara ya kuwa mwema peke yake.

Lakini sheria ikichelewa, damu haichelewi. Kwa hiyo tulimjibu hivi: "Mzee, kuhusu jirani yako una haki. Lakini Mungu hatakuuliza juu ya dari ya jirani. Atakuuliza juu ya yako." Bwana Yesu, katika Mathayo 18:6, alinena maneno mazito juu ya mtu amkoseshaye mmoja wa wadogo wamwaminio, akataja jiwe la kusagia na kilindi cha bahari. Hakuna mahali aliposema kwamba faida ikiwa nzuri jiwe lile hupungua uzito.

Nasi wachungaji hatuna pa kujificha. Kwa miaka mingi tumehubiri juu ya pombe na sigara, tukamtazamia adui aje akinuka moshi. Akaja akinukia embe, akaketi katika kwaya yetu, na hatukumtambua.

Tufanye nini basi? Wazazi, zungumzeni na watoto kabla hamjapekua mikoba yao. Ukikiona kifaa hicho, usianze na fimbo. Mtoto aliyekwisha kushikwa anahitaji mtu wa kumsaidia kuacha, naye akipigwa atajifunza kuficha vizuri zaidi. Mpeleke kwa daktari au mshauri, na umwekee mkono wakati kichwa kinapomwuma. Mkiwa na mtoto mchanga nyumbani, jueni pia kwamba maji yale yakinywewa ni sumu kali. Walimu, wafundisheni wanafunzi namna ladha inavyotumiwa kama chambo, kwa kuwa kijana hapendi kudanganywa. Wenye maduka, ondoeni vitu hivi kando ya peremende leo, msingoje askari. Na ninyi mlio na nafasi katika serikali ya kaunti au Bunge, mnapopima sheria, ujengeni ukuta pande zote nne. Msikataze embe mkaacha mnanaa; msikamate chenye vikopo mkaacha cha kutupa. Wengine walikwisha kutujaribia njia hiyo, na walioanguka ni watoto wao.

Wiki iliyofuata tulipita tena pale dukani. Sanduku lilikuwa limeondolewa mezani na kuwekwa juu, nyuma ya mwenye duka, naye alituambia akimaliza lililobaki hataagiza jingine. Tungependa kusema alilitupa siku ile ile, lakini hatutaki kuwadanganya. Ni tofali moja. Na yule kijana? Bado anapambana. Alikaa siku 11 bila kuvuta, akaanguka, akaanza tena. Kila Jumatano huja tukaomba pamoja, na mama yake huketi kando yake. Ameomba tuwaambie vijana wenzake wanaosikiliza kwamba kuacha ni vigumu kuliko alivyodhani, na kwamba ni rahisi zaidi kutoanza.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyewahesabia watoto wetu hata nywele za vichwa vyao, utusamehe kwa dari tulizojenga bila ukuta. Uwatie nguvu walioshikwa na nikotini, na hasa walio wadogo, wasikate tamaa waangukapo. Uwape wauzaji dhamiri iliyo hai, na watawala wetu moyo wa kupima kwa haki bila kuogopa wenye mali. Utufundishe sisi sote kujenga kabla mtu hajaanguka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.